Lenzi ya zamani: anzia nyuma, si mbele

Lenzi yangu ya kwanza ya zamani niliichagua kwa namba iliyoandikwa mbele yake: 1.4. Nilijua namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga huwa kubwa, na nilitaka sana picha za jioni. Pete ya fokasi ilizunguka kwa ulaini, kioo kiling'aa, nikalipa. Nikapiga mikanda miwili ya slaidi, filamu isiyopitia negativu. Picha za kivulini zilitoka safi. Za juani zilitoka nyeupe, kana kwamba zimemwagiwa maziwa.

Kioo hakikuwa na kosa. Ndani ya lenzi kuna vibati vyembamba vilivyojipanga duara, navyo ndivyo vinavyopanua na kupunguza tundu. Kwenye kamera nyingi za filamu zenye kioo cha kuakisi, vibati hivyo hukaa wazi unapolenga, kisha hujifunga kwa kasi hadi namba uliyochagua pale unapobonyeza. Grisi ya pete ya fokasi ikizeeka, mafuta yake hutambaa na kuvifikia. Vikiloa, hujikokota. Kwa hiyo nilipoweka 16 juani, filamu ilikuwa imeshashiba mwanga kabla tundu halijajifunga. Kivulini nilipiga tundu likiwa wazi, ndiyo maana ugonjwa ulijificha.

Basi wewe unayeanza, geuza lenzi utazame nyuma kwanza. Ikiwa ina swichi ya A na M, iweke A. Weka 16, kisha chezesha ile pini au kijiti cha chuma kilichoko nyuma, mara kumi hivi. Vibati viruke vyote kwa pamoja bila kusita. Vikisita hata kidogo, au ukiona mng'ao wa mafuta juu yake, iache, au hesabu gharama ya fundi. Lenzi kama Helios 44-2 zina nafuu hapa: tundu lake unalifunga wewe mwenyewe kwa mkono kabla ya kupiga, hivyo mafuta kidogo hayakuumizi.

Nyuma hukohuko ndiko unakoona kama lenzi itaingia kwenye kamera yako. Ushauri mwingi kuhusu lenzi za zamani huandikwa na watu wa kamera za dijitali zisizo na kioo cha kuakisi. Wao huvalisha karibu lenzi yoyote kwa adapta, yaani pete ya kuunganishia. Sisi wa kamera za filamu zenye kioo hicho hatuna uhuru huo. Kioo cha kuakisi kinahitaji nafasi, na kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kati ya mdomo wake na filamu. Lenzi za M42, zile za kusokota zenye kipenyo cha milimita 42, zimepimwa kwa umbali wa milimita 45.46. Kwa mdomo wa Nikon F ni milimita 46.5. Tofauti ni kama milimita moja tu, lakini inatosha: ukivalisha M42 kwenye Nikon kwa adapta isiyo na lenzi ndogo ya kurekebisha ndani, vitu vya karibu vitakuwa vikali na milima ya mbali haitakaa kwenye fokasi kamwe. Hata ndani ya ukoo mmoja, uliza. Lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo hazikurekebishwa zinaweza kuharibu baadhi ya kamera zake za baadaye.

Kioo chenyewe kimulike kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi. Vumbi lisikutishe. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, kataa. Ukungu mweupe hupunguza ukali wa weusi kwenye picha, nao pia ukatae kama huna fundi.

Rangi ya njano ni habari nyingine. Baadhi ya lenzi, kama Super-Takumar 50 mm f/1.4 za toleo la baadaye, zina kioo chenye thoriamu, metali ya mionzi hafifu, ambacho hugeuka njano kadiri miaka inavyopita. Kwa filamu nyeusi na nyeupe hufanya kazi kama kichujio hafifu cha njano, nami naipenda hivyo. Kwa filamu ya rangi, iache kwenye mwanga wa jua kwa siku kadhaa, lakini funika upande mmoja kwa karatasi ya alumini na usiiache bila mwangalizi, maana lenzi hukusanya jua na kuwasha moto.

Nikikuchagulia ya kwanza, ni 50 mm ya f/1.8 au f/2, ya ukoo uleule wa kamera yako. Mkanda wa kwanza uwe wa slaidi. Piga kitu kimoja juani kwa 5.6, 8, 11 na 16, ukibadilisha kasi ili mwanga ulingane, na uandike kila namba. Fremu zote zikitoka na mwanga sawa, vibati ni vizima.