Boksi linasema 860, mashine inasoma 821: kasi ya risasi ya raifo inapotelea wapi?

Mkuu, boksi halikudanganyi wala mashine haikudanganyi. Umesema raifo yako ni .308 Winchester yenye mtutu wa inchi 20, unapiga risasi za kichwa cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito, kama 15 hufanya gramu moja), boksi limeandika futi 2,820 kwa sekunde (yaani mita 860 kwa sekunde, m/s), na ulipopima kwa mashine ya kupima kasi ya risasi ukapata wastani wa 821. Tofauti ni 39. Karibu zote zinahesabika, kwa hiyo tuzihesabu.

Namba ya kwenye boksi haikupimwa kwenye bunduki kama yako. Kiwanda kinatumia mtutu wa majaribio, kwa .308 kawaida ni inchi 24, chemba yake (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) imechongwa kwa kubana sana, na risasi zimekaa kwanza kwenye joto la nyuzi 21 hivi. Baruti ikishika moto, gesi inakisukuma kichwa cha risasi kwa muda wa milisekunde moja na kitu tu. Kikishavuka mdomo wa mtutu, gesi inamwagika hewani na kazi yake imekwisha. Mtutu mfupi maana yake ni kusukumwa kwa muda mfupi. Kwa .308, kila inchi unayopunguza inakula takriban 6 hadi 8 m/s. Wewe umepungukiwa inchi 4, kwa hiyo 28 zimeondoka hapo hapo.

Halafu mashine yako, kama ni ile ya vioo vya mwanga (inayopima muda risasi inapopita juu ya kioo kimoja hadi kingine), imewekwa mita 4 hivi mbele ya mdomo. Kichwa hicho cha greni 150 kinapoteza karibu m/s 1 kwa kila mita mwanzoni mwa safari. Toa nyingine 4. Tumefika 32. Saba zilizobaki ni tofauti ya kawaida kati ya mtutu na mtutu. Chemba iliyochongwa kwa ulegevu kidogo inapunguza shinikizo, na shinikizo likipungua kasi nayo inapungua. Raifo mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani wiki moja, zinaweza kupishana kwa 10 hadi 15 m/s na zote zikawa nzima. Na kama mtutu ni mpya, piga risasi mia moja mpaka mia mbili kwanza. Mitutu mingi huongeza kasi kidogo ikishalainika ndani, kisha inatulia.

Hiyo hesabu ya inchi usiihamishe kila mahali. Magnum, yaani risasi za nguvu kubwa zenye baruti nyingi inayoungua taratibu, hupoteza zaidi kwa kila inchi. .22 Long Rifle, ile risasi ndogo, ni kinyume chake: baruti yake ni kidogo mno, imekwisha kufanya kazi mtutu ukifika inchi 16 hivi, na kuurefusha zaidi kunaongeza msuguano tu. Watu wengi huona mwako mkubwa mdomoni mwa bunduki fupi wakadhani ndiyo nguvu. Ule mwako ni nguvu inayoteketea nje badala ya kusukuma.

Sasa joto, maana hapa ndipo wengi wa ukanda wetu tunapoumia. Baruti ya moto inaungua haraka kuliko baruti ya baridi. Kwa baruti za kawaida tegemea kama nusu m/s kwa kila nyuzijoto moja. Zile zilizotengenezwa makusudi zisiyumbishwe na joto hupungua mpaka robo ya hapo au chini yake. Boksi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari juani likafika nyuzi 50 limepanda karibu nyuzi 30 juu ya joto la majaribio, yaani umeongezewa kama 15 m/s bila kuomba. Kasi si tatizo kubwa. Tatizo ni shinikizo, kwa sababu linapanda kwa kishindo kuliko kasi. Dalili zake ni bolti (kile chuma kinachofunga chemba) kuwa nzito kuinuka, fataki ya kwenye kitako cha ganda kubanjuka mpaka ukingo wake wa mviringo unapotea, na alama ya kung'aa kwenye kitako pale shaba ya ganda ilipoingia kwenye tundu la kusukumia ganda. Ukiona bolti inagoma, acha kupiga, ziache risasi zipoe kivulini. Zikishapoa na bado inagoma, usiendelee na boksi hilo.

Joto jingine halisemwi sana: la chemba yenyewe. Ukipiga risasi kumi mfululizo kisha ukaingiza ya kumi na moja na kuiacha ndani dakika mbili ukisubiri upepo utulie, ile risasi inapikwa. Itatoka na kasi tofauti na wenzake, na utalaumu upepo. Ingiza risasi pale tu unapokuwa tayari kufyatua.

Jambo hili la joto si geni kwa Afrika. Enzi za kordaiti, baruti ya Kiingereza iliyofanana na nyuzi za tambi, mafundi wa London walikuwa wakipakia risasi za India na Afrika kwa kipimo kilichopunguzwa, maana risasi iliyokuwa sawa kwenye baridi ya Uingereza ilikwama chemba kwenye jua la tropiki. Ndiyo sababu .416 Rigby ya 1911, risasi ya kuwindia wanyama wakubwa, ina ganda kubwa kiasi kile: inafikisha kichwa cha greni 410 kwenye takriban 720 m/s kwa shinikizo la chini, na ganda linatoka bila ugomvi. .375 H&H ya 1912 nayo ganda lake limechongoka taratibu kwa sababu hiyo hiyo. Kinyume chake ni .458 Winchester Magnum ya 1956. Ganda lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa ili itoshe, na kwenye baadhi ya risasi za zamani baruti iligandamana ikaungua vibaya. Kasi ikashuka chini kabisa ya iliyoandikwa. Mbele ya mbogo hilo si suala la takwimu, na ndilo lililozaa .458 Lott yenye ganda refu zaidi.

Uzito wa kichwa unaeleweka haraka. .30-06 ya kiwandani yenye greni 150 hutoka kama 887 m/s. Ya greni 180, kama 823. Kwenye .303, risasi ya jeshi la Uingereza iliyozunguka sana Afrika Mashariki, Waingereza waliacha kichwa cha duara cha greni 215 kilichokuwa kikitoka karibu 628 m/s, wakahamia kile chenye ncha cha greni 174 mwaka 1910, kasi ikapanda mpaka 744. Lakini kichwa chepesi kinachowahi kutoka si lazima kiwahi kufika. Kirefu, kizito na chenye ncha nzuri kinatunza kasi, na baada ya mita mia kadhaa mara nyingi kinampita mwenzake.

Na baruti yenyewe? Baruti nyeusi, ile ya magobore, haivuki mbali. Martini-Henry, raifo ya Waingereza ya enzi hizo, ilirusha kichwa cha greni 480 kwa takriban 410 m/s. Baruti isiyo na moshi aliyoitengeneza Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884 ndiyo iliyofungua mlango: miaka miwili baadaye raifo ya Lebel ilikuwa imepita 600. Usijaribu kuifuata namba ya boksi kwa kuongeza baruti. Ukikaribia kikomo, kila punje unayoongeza inaleta kasi kidogo na shinikizo kubwa, na kinachopasuka kiko sentimita chache kutoka jichoni.

Tukija kwenye hewa, kuna mkanganyiko unaojirudia kila mara. Kupanda mlima hakubadilishi kasi ya mdomoni kwa kiasi cha maana. Kunabadilisha kasi inayobaki. Chukua .308 yenye kichwa cha shabaha cha greni 168, inayotoka kwa 808 m/s. Mombasa kwenye nyuzi 30, ikifika mita 300 itakuwa na takriban 635. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari kwenye nyuzi 22, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 16, na risasi ile ile itafika na takriban 660. Unyevu wa Pwani hauna neno: hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu, kinyume na watu wanavyodhani, na tofauti haifiki mahali pa kukusumbua. Upepo nao haugusi kasi ya mdomoni hata kidogo.

Kwa wenye .22: risasi zinazoandikwa za kasi zaidi hutoka kama 380 m/s, na kasi ya sauti kwenye nyuzi 30 ni 349. Zinaivuka kurudi chini kabla ya kufika mita 60, na pale zinapovuka ndipo zinapotikisika. Wapiga shabaha hununua zile za 320 hadi 330 kwa sababu hiyo, na kwenye upepo wa pembeni zinasukumwa kidogo kuliko zile za haraka. Inaonekana kama kichekesho, lakini kinachoamua ni kasi gani imepotea njiani, na za haraka ndizo zinazopoteza zaidi.

Kuhusu kupima. Risasi tatu hazitoshi, mkuu. Kabla ya kuanza, futa mafuta yote ndani ya mtutu na chemba kwa kitambaa kikavu. Mafuta yanaharibu usomaji wa mwanzo na chembani yanaongeza mzigo kwenye bolti. Piga mbili tatu bila kuandika. Kisha piga kumi, ukiuacha mtutu upoe kati yake. Vioo vya mwanga usiviweke chini ya mita 3, kwa sababu mlipuko wa gesi na chembe za baruti zisizoungua vinaweza kuviamsha kabla ya risasi. Jua likipiga kioo kimoja zaidi ya kingine, mashine inaona kivuli cha risasi mapema au kwa kuchelewa. Kwenye vioo vilivyoachana sentimita 60, kosa la milimita 6 tu ni asilimia moja, yaani 8 m/s. Weka vizuia jua, au pima siku ya mawingu. Kifaa cha kufungwa mtutuni hakisumbuliwi na jua, ila kinahamisha mahali risasi inapogonga, basi usipangie darubini kikiwa bado kimefungwa. Vya rada havina shida zote mbili, mfuko tu ndio unaolia.

Kwenye daftari andika wastani, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi risasi zinavyopishana na wastani), joto la siku na namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi. Risasi za kuwindia zenye mkengeuko wa 6 m/s ni nzuri. Kwa kumi za namna hiyo, wastani wako unaweza kukosea kwa kama 2 tu. Kwa tatu ni karibu mara mbili ya hapo. Ukinunua toleo jingine la boksi lile lile, pima upya. Na raifo iliyopiga maelfu ya risasi ikianza kushuka kwa 20 au 30 bila sababu ya joto, angalia mwanzo wa mtutu mbele ya chemba. Moto unaupanua, gesi inaanza kupita pembeni ya kichwa.

Je, hizo 39 zitakuumiza? Ukilenga mita 100, hutaziona. Kwa mita 300 ni kama sentimita 5 za kuanguka zaidi. Kwa 500 zinavuka 20, na hapo darubini yenye alama za umbali zilizochorwa kwa 860 itakupeleka chini ya shabaha. Weka 821 kwenye programu ya hesabu, jumlisha zile 4 za umbali wa mashine iwe 825, piga risasi tano kwa mita 300, na pima kwa rula zilipogonga. Zikigonga juu au chini ya hesabu kwa zaidi ya sentimita 3, kagua kwanza kama sifuri yako ya mita 100 (darubini ilivyopangwa ili risasi igonge unapolenga) ni ya kweli na kama urefu wa darubini juu ya mtutu umeupima kutoka katikati hadi katikati. Namba ya kasi iguse mwisho.