Shangazi, nina miaka 61 na nimeanza kuchora. Nimechelewa?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi mstaafu, mjane, naishi Tanga. Baada ya miaka 34 ya zamu nilipata kiinua mgongo, nikanunua rangi na brashi. Nachora usiku watu wakilala. Nina picha saba chini ya kitanda; ya kwanza ni ya marehemu mama akitwanga. Mwanangu wa kwanza alipoziona akasema, "Mama, hii kazi ya watoto wa chekechea. Hela hiyo bora ungenunua bodaboda." Nikamjibu kwamba najifunza ili nikachore na watoto waliolazwa pale nilipokuwa nafanya kazi. Je, nimechelewa?*
*Mama wa Picha Saba*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: unachora usiku, watu wakilala. Mtu mzima aliyekesha na wagonjwa wa watu miaka 34, leo anajificha na brashi kama kaiba!

Nakuuliza kwa upendo. Hao watoto wa wodini walikujia moyoni kabla mwanao hajakusema, au baada? Naona kama umewatafuta wakuombee ruhusa. Wanawake wengi tumelelewa hivyo, jambo tulipendalo hatuligusi mpaka tupate wa kulifanya kwa ajili yake. Chora kwa sababu unapenda. Inatosha kabisa.

Kuchelewa? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, umri wake kama miaka 36, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 akafariki. Katika miaka minne hiyo aliwafundisha na ndugu zake, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Utaniambia yule alikuwa kijana. Haya, mtazame Rosemary Karuga wa Kenya. Alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akaingia ualimu na sanaa ikakaa kando miaka mingi. Aliirudia miaka ya 1980, anaikaribia sitini, akikatakata karatasi za vifungashio na kuzibandika mpaka zikawa wanyama na watu wa kijijini.

Sasa wodi. Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, alilazwa kwa kifua kikuu, akawa anachora kitandani vitu vilivyokuwa karibu naye. Alichora kwanza kwa ajili yake, na baadaye ndipo akawafundisha wagonjwa wenzake. Wewe pia fuata mpangilio huo. Hodi utakapopiga, nenda kwa muuguzi mkuu na afisa ustawi wa jamii, na wazazi waulizwe. Rangi za mafuta na thina ziache nyumbani, harufu yake haifai kwa kifua cha mgonjwa. Beba krayoni, penseli na rangi za maji, vitu unavyoweza kuvisafisha au kumwachia mtoto awe navyo peke yake. Usafi huo unaujua kuliko mimi.

Lakini uuguzi wako ndio nauogopa kidogo. Umezoea kutafuta ugonjwa. Mtoto akichora nyumba nyeusi tupu, usianze kupima. Mwambie, "Nisimulie picha yako," kisha nyamaza. Asipotaka kusimulia, chora yako pembeni yake. Akikueleza jambo zito, mpeleke kwa wenye taaluma hiyo. Wewe umekuja kama mchoraji. Na picha zao usizirushe WhatsApp, hata zikipendeza vipi.

Mwanao usimkasirikie. Nadhani anaogopa hela itaisha, na hofu hiyo si ya kijinga. Kaa naye na daftari, mwonyeshe kiasi cha rangi kwa mwezi na kiasi kisichoguswa. Bodaboda ni juu yako, si lazima ujibu leo.

Nina ombi moja, na usilisubirishe mpaka uwe "fundi". Ile picha ya mama akitwanga itoe chini ya kitanda, uipigilie msumari sebuleni, ukutani pale mwanao anapopenda kuketi akija kukusalimu.