Mwanangu kapata agregeti 24, nimpeleke wapi?

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Matokeo ya P7 (darasa la saba, mwisho wa shule ya msingi hapa Uganda) yametoka, mtoto wangu kapata agregeti, yaani jumla ya gredi, 24: Hesabu 4, Sayansi 4, Kingereza 8, SST (masomo ya jamii) 8. Shule aliyoijaza ya kwanza kwenye fomu inataka 15 kushuka chini. Baba yake anasema arudie, mjomba anasema aende ufundi tu maana ni mzito wa kichwa. Usingizi siupati. Mama wa Bombo.

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole sana. Hebu ishike tena hiyo slipu, hiyo 24 ifunike na kidole gumba, halafu soma ile mistari minne peke yake. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inatoa gredi kila somo, 1 ndo bora na 9 ni kufeli, masomo manne wanajumlisha, basi mtoto bora kabisa ana 4 na wa mwisho ana 36. Sasa mtoto wa jirani mwenye 6, 6, 6 na 6 naye pia ana 24, na shule ikiangalia jumla tu inawaona hao wawili ni kitu kimoja, wakati hawafanani hata kidogo!

Mwenye Hesabu 4 si mzito wa kichwa, mwambie mjomba hivyo kwa heshima. Mimi naona shida yake ni lugha, Kingereza na SST zimeanguka pamoja na zote mbili zinataka mtu asome sana na aeleze.

Kurudia sikubali. Nilipokuwa nafundisha P7 nilikuwa na kijana hivo hivo, chenji ya duka la mama yake alikuwa anaipiga kichwani kabla hujafungua mkono, wakamrudisha mara mbili akae na hesabu anazozijua tayari, mara ya pili akaacha shule. Bado naumia nikimkumbuka.

Ufundi ni njia nzuri, politekniki za jamii zinachukua waliomaliza P7 kwa miaka 3, na anaweza pia kumaliza S4 (mwaka wa nne wa sekondari) kwanza ndo aingie chuo cha ufundi. Lakini aende kwa sababu anapenda, asipelekwe kama adhabu, na fundi umeme bila hesabu ni fundi gani? Muulize mwenyewe, nyinyi wawili tu, mjomba asiwepo.

Mimi ningemtafutia S1 shule ya kutwa ya karibu. Mtaala mpya ulioanza 2020 una projekti nyingi za mikono, na kazi za darasani zinabeba asilimia 20 ya matokeo ya S4, mtihani 80, huyo wako hapo anaweza kupumua. Nenda na slipu yenyewe, mwonyeshe hedimasta mistari ya masomo kabla hajauliza jumla, halafu na wewe muulize: maktaba ina vitabu vya hadithi vya Kingereza, na mtoto anaruhusiwa kubeba nyumbani?