Kuufurahia mwaka nyumbani bila hela nyingi: sisi Tanga tunafanya hivi

Dada mleta mada, umesema uko Kimara, Dar, na watoto wawili, mumeo anarudi usiku, na kwamba huku kwetu "hakuna majira, ni joto na mvua tu", ndiyo maana wikiendi zote zinaishia kwenye runinga na simu. Ukauliza wenye familia tunauonjaje mwaka tukiwa nyumbani, bila hela ya kwenda mahotelini. Mimi nipo Tanga mjini, nina watoto watatu, na bimkubwa, mama yangu, anaishi nasi. Nitajibu kwa yanayofanyika uani kwetu.

Hilo la kutokuwa na majira nalikataa kabla sijaenda mbali. Pwani ina majira, na yote yana majina: kaskazi, masika, kusi na kipupwe chake, vuli. Tusichokuwa nacho ni theluji, na sijui nani alituambia mwaka hauendi bila theluji. Kila Desemba naona watu wanabandika pamba kwenye mti wa plastiki sebuleni, feni inazunguka mpaka inalia, nje jua la nyuzi 32. Na nje hapo hapo kuna mwembe umeinama kwa uzito wa embe, hakuna anayeupiga picha.

Utaratibu wa nyumba yetu aliuleta bimkubwa: kila msimu una kitu chake, na kitu hicho hakifanywi msimu mwingine hata kama hela ipo na sokoni kipo. Basi. Mwanzoni wanangu waliona ni ubahili wa bibi yao. Sasa wao ndio walinzi wa utaratibu, ukileta chungwa Februari wanakuuliza umelitoa wapi na kwa nini. Nadhani mtoto anayepata kila kitu mwaka mzima hana cha kusubiri, na asiye na cha kusubiri ndiye huyo anayeshinda na simu. Lakini huo ni mtazamo wangu, si lazima ukubaliane nao.

Tuanze na tulipo. Ni Oktoba, vuli inakaribia. Vuli kwetu ni kumbikumbi. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, wanatoka ardhini kwa maelfu na kuifuata taa. Bimkubwa asili yake Handeni, kwao hicho ni kitoweo. Anazima taa zote za ndani, anaacha ya barazani, chini yake anaweka beseni la maji, na watoto wanapewa kazi ya kuokota. Wanakaangwa bila mafuta maana wana mafuta yao, chumvi kidogo, wanapepetwa mbawa, wanaliwa kama karanga. Mke wangu ni mtu wa Pangani, hagusi na hataki hata sufuria yake itumike, kwa hiyo kuna sufuria maalumu ya kumbikumbi. Jirani yetu Mhaya anatucheka kila mwaka, anasema tusubiri chakula chenyewe. Novemba ndugu zake wa Bukoba wakimtumia senene tunaletewa kikombe, na hapo mabishano ya kipi kitamu yanaanza upya.

Kaskazi ndio msimu mkubwa kwetu. Upepo unageuka kuelekea Desemba, joto linapanda, na Februari hulali bila kuamka kubadilisha upande wa mto. Lakini ndio msimu wa embe. Zinaanza Novemba, Januari zimefurika mpaka zinaozea njiani: dodo, bolibo, sindano, sikio la punda. Kuna mchezo wa kumfumba mtu macho ataje embe kwa harufu. Bolibo hakosei mtu.

Kazi yenyewe ya familia hapo ni achari, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo ningekushauri uanze nayo. Chukua embe changa, zile ambazo kokwa yake bado inakatika kwa kisu. Zioshe, zikaushe, zikate vipande pamoja na ganda lake. Zichanganye na chumvi nyingi na manjano, zilale usiku mmoja. Asubuhi zitakuwa zimetoa maji. Zichuje, zianike kwenye ungo juani, usiku uzirudishe ndani, kwa siku kadhaa mpaka zinywee na ziwe na ukinzani ukiuma. Kisha kaanga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya kusaga, bizari na mbegu za haradali kwenye mafuta, ongeza siki, changanya, jaza kwenye chupa za kioo zilizochemshwa na kukaushwa vizuri. Tone la maji likibaki kwenye chupa, kuvu. Ndiyo maana achari ni kitu cha kaskazi: jua la Januari ni kavu na halikatizwi. Ukianika masika utakuwa unakimbizana na mawingu.

Kila mmoja ana cheo. Mke wangu anakata, mimi nasimamia karai (na kupiga chafya), mkubwa anapima viungo, wa kati anachemsha chupa, mdogo ni askari wa kunguru. Pwani hii kunguru ni majambazi, wanashuka kwenye ungo mchana kweupe. Achari hiyo inakaa mpaka kipupwe, na wageni wanaondoka na chupa.

Kitu kingine cha kaskazi hakina gharama kabisa. Funga kipande cha kanga kuukuu kwenye mti mrefu au nguzo ya antena, mahali ambapo watoto wanakiona. Sasa hivi kitakuwa hakina msimamo. Desemba mpaka Machi kitaelekea upande mmoja, kwa sababu upepo unatoka kaskazini-mashariki. Kuelekea Aprili utakuta siku moja kimegeuka, kusi imeingia. Wangu wanabishana nani atakuwa wa kwanza kuona. Bibi yao akaongezea kwamba upepo huo huo ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na India, yanauza na kununua, yanasubiri kitambaa kigeuke, yanarudi na kusi. Somo la historia wamelielewa kwa tambara.

Masika watu wanaichukia, nami ya mjini siipendi, matope na mbu. Nyumbani ina mambo yake hata hivyo. Bati likianza kulia, mapipa yanawekwa chini ya michirizi. Mvua ya mwanzo iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege; ya pili ndiyo unakinga. Watoto wanaoga mvua, wakisikia radi wanaingia ndani bila mjadala. Mboga za majani zimejaa kila uzio, kwa hiyo ni kisamvu cha nazi, matembele, mchicha. Samaki wabichi wanapungua kusi ikianza kuchafua bahari, bei inapanda, na sisi tunahamia kwenye ng'onda, samaki wa kukausha. Ng'onda wa kuchoma, ugali wa moto, kisamvu, mvua inapiga bati. Sijaona hoteli inayouza hicho.

Na umeme unakatika. Hapo ndipo vitendawili vinapotoka, maana simu nazo zinaishiwa chaji. Bimkubwa anasema "Kitendawili!", tunaitika "Tega!" Mkishindwa anadai mji, na mji lazima autake mwenyewe. Mumpe Korogwe, anakataa. Mumpe Mombasa, anaenda Mombasa, anaeleza alivyopokelewa huko na alichokula, anakula pilau na biriani zote peke yake huku ninyi mna uji, ndipo atoe jibu. Mwanangu wa kati sasa hivi anashindwa makusudi ili asikie safari. Hadithi ndefu zinafuata, "paukwa, pakawa", na mdogo hajawahi kufika mwisho wa hata moja akiwa macho.

Angalizo moja la mvua na baridi: jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Pika, ota moto mlango ukiwa wazi, litoe nje.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndio likizo yetu hasa. Usiku unashuka mpaka nyuzi 20 hivi, na mtu wa Njombe akisikia tunaita hiyo baridi atatucheka, lakini sisi mashuka yanavutwa. Machungwa ya Muheza yanamwagika mjini. Nimeona watu wa bara wanayakataa kwa kuwa ni ya kijani, wanadhani ni mabichi. Yameiva. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili ganda lipoteze ukijani wake, na pwani baridi hiyo haipo. Tunanunua kwa kiroba, jioni tunakaa barazani, mashindano ni kumenya ganda lote bila kukatika. Mshindi haoshi vyombo.

Julai na Agosti ndipo mbaazi mbichi zinapoonekana sokoni. Kuzibambua ni kazi ya mikono mingi, ndiyo maana tunaifanya Jumamosi usiku, sote tukiwa kwenye mkeka, na Jumapili asubuhi zinapikwa kwa nazi, zinaliwa na mandazi. Baada ya hapo baiskeli. Tanga ni tambarare, baiskeli ni usafiri wa kila mtu, na asubuhi ya kipupwe unaweza kuendesha mpaka Raskazone na kurudi bila kulowa jasho. Kimara na ile milima yenu sikushauri.

Ramadhani nayo nimeiona ikiyazunguka majira haya. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo mfungo unarudi nyuma kidogo kidogo na kuupitia mwaka wote kwa miaka kama 33. Mwaka 2016 ulianza Juni, tulifunga kwenye ubaridi wa kipupwe na machungwa yapo. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, joto la mwisho wa kaskazi, koo kavu kufikia adhuhuri. Urefu wa mchana kwetu haubadiliki sana, tofauti ya siku ndefu na fupi kabisa haifiki dakika 40, lakini futari inabadilika: wakati wa joto kila mtu anakimbilia juisi ya ukwaju, wakati wa ubaridi ni uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi. Mwanangu mkubwa ameshaanza kupiga hesabu Ramadhani itaikuta Desemba mwaka gani ili afuturu kwa embe.

Kuna mdau hapo juu amesema haya ni ya wenye uwanja, yeye kapanga chumba na sebule. Sikubaliani naye kabisa. Ungo wa achari unakaa hata juu ya ukuta wa choo cha nje, mradi askari wa kunguru yupo. Kitendawili hakihitaji uwanja. Kinachohitajika zaidi ni mtu mzima mmoja kukaa chini na watoto, na hilo kwa kweli ndilo gumu kuliko embe. Mimi jioni nyingi nafika nimechoka, na utaratibu wa bimkubwa unanisaidia kwa kuwa siketi kufikiria leo tufanye nini. Msimu umeshaamua.

Kwa kuwa mumeo anapatikana Jumapili tu, nakupa la kuanza nalo kabla embe hazijafika. Subiri mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, siku hizo na moja mbili zinazofuata ni bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti inapita mita 3. Tafuta Jumapili inayoangukia hapo, uwapeleke watoto Kunduchi. Huko na huku kwetu, siku za bamvua maji yanakuwa yametoka kabisa kama saa nne asubuhi, na saa kumi jioni yamejaa. Watu wengi wa Dar wanaenda ufukweni jioni, wanaikuta bahari imefunika kila kitu, wanakula chipsi na kurudi. Ninyi nendeni asubuhi, mtembee pale palipokuwa bahari, mtaona kaa, viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota), kina mama wakichokoa chaza. Wavae viatu vya plastiki, kuna viumbe wa miiba. Msiokote vilivyo hai. Maji yakianza kurudi, mrudi nayo, yanakuja haraka kuliko yanavyoonekana. Bebeni mihogo ya kuchemsha na chachandu, maji ya kunywa, na nauli.