Aiskrimu ya Vanila Huanza Siku Moja Kabla

Watu wakitaka kutengeneza aiskrimu nyumbani huniuliza wanunue mashine gani. Mimi huwauliza kwanza: friza yako ikoje?

Mashine ndogo za bei ya kawaida hazigandishi kitu zenyewe. Bakuli lake lina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo mna maji maalumu unayoyagandisha kwenye friza yako. Mota inayokaa juu kazi yake ni kuzungusha tu. Baridi yote itakayotumika umeiweka wewe tangu jana. Kama friji yako ni ya mlango mmoja, yenye kile kiboksi cha barafu kwa ndani, ahirisha kununua. Kiboksi kile kinagandisha maji, sawa, lakini mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri, na huko ndiko bakuli linakotakiwa kufika.

Ziko mashine zenye kompresa yake, hujipoza zenyewe. Ni nzuri, maana ya kwanza ikitoka unamimina ya pili hapo hapo. Ila ni nzito, ni ghali, zinakula nusu ya meza, na ikisafirishwa ikiwa imelazwa inabidi isimame wima saa kadhaa kabla hujaiwasha. Kwa familia ya kawaida sioni haja yake, labda uwe unauza.

Jambo la umeme lisikupite. Ndugu wa Marekani akikuletea mashine, itakuwa ya volti 120. Zile za mtumba kutoka Japani ni za volti 100. Kwetu ukutani ni 230. Soma kibandiko chini ya mota kabla hujachomeka, na kama si ya huku, tafuta transfoma. Kwenye mtumba angalia pia kama pangaboi la plastiki la kukorogea lipo, kwani ndilo linalopotea kila mara na huwezi kulipata peke yake dukani.

Sasa bakuli. Lioshe, likaushe kabisa, lifunge kwenye mfuko wa nailoni, lisimamishe nyuma kabisa ya friza, mbali na mlango. Tone la maji likibaki ndani litakuwa barafu ukutani na pangaboi litakwama hapo. Liache saa 24. Vijitabu vingine vinasema 12, lakini vimeandikwa kwa majiko ya nchi za baridi. Tanga mwezi wa pili jikoni ni nyuzi 32 na friza inafunguliwa na kila mtoto anayepita. Kulipima ni rahisi: litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza ndani, lirudishe.

Mchanganyiko nao unapikwa jana yake. Kwa bakuli la lita moja mimi napikia kiasi hiki: maziwa ml 300, krimu nzito ml 200, sukari gramu 100 (nusu kikombe), maziwa ya unga vijiko viwili vikubwa, viini vya mayai matatu, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, na vanila. Inatoka kama theluthi mbili za bakuli. Usijaze zaidi ya hapo, kwa sababu ikizungushwa inaingia hewa na kupanda, na pia kwa sababu bakuli lina baridi yake ya kiasi. Ukilitwika mzigo mkubwa linaishiwa nguvu katikati ya kazi. Wageni wakiwa wengi, tengeneza mara mbili, siku mbili.

Maziwa ya unga watu huyadharau, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Adui wa aiskrimu ni maji yaliyo huru. Maji hayo ndiyo yanayogeuka chenga za barafu unazozisikia kwenye meno. Maziwa ya unga huongeza uzito bila kuongeza maji, na protini zake huyashika maji yaliyopo. Sukari nayo haipo kwa utamu tu, maana huzuia mchanganyiko usigande ukawa jiwe. Ndiyo maana ukiipunguza nusu kwa kuogopa kisukari utapata tofali la kukatwa kwa kisu. Afadhali ule kidogo.

Kama maziwa ni ya muuza maziwa wa mtaani, yachemshe kwanza na uyapoze. Malai yatakayojikusanya juu usiyatupe; yaponde yaingie humo humo, chujio litamalizia.

Pasha maziwa, krimu, maziwa ya unga na nusu ya sukari mpaka yaanze kutoa mvuke, yasichemke. Piga viini na sukari iliyobaki. Mimina maziwa ya moto juu ya viini kidogo kidogo huku unakoroga, kisha rudisha vyote kwenye sufuria, moto mdogo. Kuanzia hapa usiachie mwiko, wala usipokee simu. Ukiwa na kipimajoto, unatafuta nyuzi 80 hadi 82. Ukipita 85 mayai yanakatika na utaona vipande. Usipokuwa nacho, inua mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki bila kujifunga, epua. Epua kweli, usisubiri hata kidogo, maana sufuria nzito inaendelea kupika.

Chuja kwenye bakuli lililokaa ndani ya beseni la maji ya barafu. Kwa joto letu mchanganyiko wa maziwa na mayai haukai mezani kupoa wenyewe. Ukipoa, funika, tia kwenye friji hadi kesho. Hapa ndipo wengi huona uvivu kusubiri. Usiku huo mafuta ya krimu yanashikana, protini zinakunywa maji, na mchanganyiko unaingia kwenye mashine ukiwa na nyuzi 4 badala ya 25. Ukiganda haraka, chenga zinakuwa ndogo kiasi kwamba ulimi hauzioni. Ukiganda polepole, zinakua.

Kuhusu vanila nina maneno mengi, nivumilie.

Chupa nyingi za arki madukani ni vanilini, yaani harufu ya vanila iliyotengenezwa kiwandani, na kwa aiskrimu ya watoto ya Jumamosi sina ugomvi nayo. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, na kiingie baada ya mchanganyiko kupoa, kwani ukikitia motoni harufu yote inaishia jikoni. Lakini ukipata ganda lenyewe la vanila, tumia nusu yake. Lilaze ubaoni, lipasue kwa urefu kwa ncha ya kisu, kisha kwa mgongo wa kisu kwangua ndani. Kinachotoka ni uji mweusi wenye mafuta, wa mbegu ndogo kuliko chenga za chai, unaonata kisuni na hautaki kuachia. Tia uji huo pamoja na ganda lake kwenye maziwa tangu mwanzo, uzime moto na ufunike nusu saa kabla ya kuendelea na mayai.

Ni ghali, najua. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na mbali na kwao Mexico ni mtu anayelichavusha, ua moja baada ya jingine, kwa kijiti. Mbinu hiyo ilitoka kwa Edmond Albius, mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1841, na wakulima wa Madagaska, Uganda na Bukoba wanaitumia hadi leo. Ganda hukaa mtini kama miezi tisa, kisha huanikwa na kufunikwa kwa miezi mingine ndipo linukie. Kwa hiyo ganda lililotumika halitupwi. Lisuuze, likaushe, lifukie kwenye kopo la sukari. Baada ya wiki mbili sukari hiyo inafaa kwa maandazi na chai.

Chagua lililo laini, linalojipinda bila kuvunjika. Lililokauka kama kijiti muuzaji abaki nalo. Na mkono ukikuwasha kutia iliki, zuia. Utapata aiskrimu nzuri sana ya iliki, na vanila yako ya bei hutaisikia. Vivyo hivyo unga wa kastadi: unafaa kwa asiyekula mayai, kijiko kimoja kikubwa, ila una harufu yake yenyewe, basi usiharibu ganda humo.

Onja mchanganyiko kabla ya kuzungusha. Unatakiwa uwe mtamu kupita kidogo unavyopenda, maana baridi huufisha ulimi.

Siku ya pili fanya kazi alfajiri, jikoni kabla hapajapata joto. Tayarisha kila kitu mezani, bakuli litoke kwenye friza mwisho kabisa. Washa mashine kwanza, ndipo umimine. Ukimimina kabla haijazunguka, mchanganyiko utashika ukutani papo hapo na mota itaanza kulia. Dakika kumi za mwanzo hutaona kitu. Halafu mistari ya pangaboi inaanza kubaki juu, sauti ya mota inakuwa nzito, na rangi inapauka kwa hewa iliyoingia. Kati ya dakika 15 na 25 itakuwa laini kama ile ya koni. Ikifika nusu saa bado ni uji, bakuli lilikuwa halijaganda sawasawa. Kuendelea kuzungusha ni kupasha moto tu. Imimine kwenye trei ya bati, tia kwenye friza, uikoroge kwa uma kila nusu saa. Haitakuwa laini vile, lakini italiwa.

Hamishia kwenye kopo pana, fupi, ambalo nalo lilikuwa kwenye friza. Tumia mwiko wa mti au plastiki, chuma kitalikwangua bakuli. Bandika karatasi ya nailoni juu ya aiskrimu yenyewe, iguse, hewa isipate pa kukaa. Saa nne baadaye imekaza.

Umeme ukikatika, usifungue friza kutazama. Ikiyeyuka ikiwa bado ya baridi kabisa, irudishe kwenye mashine siku nyingine na uizungushe upya. Ikiwa imeshapata joto, imwage, kwa sababu ina mayai. Isiyopata misukosuko iliwe ndani ya wiki. Baada ya hapo chenga zinaanza kujijenga hata kwenye friza nzuri. Kuitoa mezani kabla ya kula, vitabu husema dakika kumi. Kwetu pwani tatu zinatosha.