Maswali ya Kompyuta: Nimesasisha Mint, Kesho Yake Hakuna Kitu

Swali: Nina Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure, kwenye flashi. Niliiwasha humo humo bila kuisakinisha, nikaanza kusasisha hadi bando likaisha. Nimezima usiku, asubuhi nimewasha: yote hayapo. Flashi ni mbovu? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Flashi ni nzima. Mfumo wa laivu, yaani unaowaka kutoka flashi bila kusakinishwa, umebanwa ndani ya faili moja, filesystem.squashfs, lililomo kwenye folda ya casper, nalo ni la kusomwa tu. Unachobadilisha huwekwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na RAM husahau mashine ikizimwa. Ndiyo maana mashine yenye RAM ya GB 4 huweza kulalamika "No space left on device" (nafasi imeisha) katikati ya kusasisha, ilhali diski ya ndani haijaguswa. Rufus, programu ya kuandaa flashi, inaweza kuitengea sehemu ya kudumu ya kuhifadhi mabadiliko, lakini hata hapo itawaka kwa keneli (kiini cha mfumo) ileile ya mwanzo.

Laivu ni ya kukagulia. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Ukifunika laptopu inalala, na ukifunua inaamka? Ukiridhika, sakinisha kwenye diski, ndipo utumie bando kwa kuandika amri hizi kwenye Terminal:

sudo apt-get update
sudo apt-get dist-upgrade

Ukijibiwa "Could not get lock" (kufuli limeshikwa), usikimbilie kufuta faili la lock kama unavyoshauriwa mitaani. Kuna programu nyingine inasasisha kimyakimya. Ukiikatiza katikati utabaki na vifurushi (mafaili ya kusakinishia programu) nusunusu. Subiri imalize.

Jambo moja kabla ya kusakinisha: pima faili la ISO (lile la Mint uliloshusha) kwa amri ya sha256sum, ulinganishe namba itakayotoka na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, shusha upya. Nakala yenye kasoro huweza kuwaka vizuri tu, halafu ikakwama usakinishaji ukiwa umefika mbali, kioo kikijaa "SQUASHFS error", na diski umeshaifuta.

Swali: Tuna laptopu mbili za Mint na bando moja. Lazima tushushe mara mbili? – Msomaji, Tanga

Jibu: Hapana, ila angalieni amri. "apt" hufuta vifurushi ikishamaliza kuvisakinisha, "apt-get" huviacha. Kwenye mashine ya kwanza tumieni apt-get dist-upgrade, kisha nakilini mafaili yote ya .deb (ndivyo vifurushi vyenyewe) kutoka /var/cache/apt/archives hadi kwenye flashi. Kwenye ya pili yabandikeni folda hiyohiyo kwa sudo cp, mwendeshe apt-get update, halafu dist-upgrade. Itachukua yaliyopo na kushusha yaliyopungua tu. Msiendeshe apt-get clean, inayofuta mafaili hayo, kabla ya kunakili! Mashine zote mbili ziwe na toleo moja la Mint, la sivyo mafaili hayo hayatafaa.

Swali: Tangu niweke Mint kando ya Windows, saa ya Windows inachelewa. – Msomaji, Mombasa

Jibu: Inachelewa saa 3 kamili, sivyo? Linux huiandika saa ya ubao mama kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Saa 2 usiku, Windows hukuonyesha 17:00. Ukiwa ndani ya Mint, iambie nayo itumie saa ya hapa kwenye ubao mama:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Kisha ingia Windows urekebishe saa mara moja, kama bado haijakaa sawa.