Kwa nini tunajumlisha 80 na 60 wakati hakuna basi linalokwenda 140

Mdogo wangu wa kidato cha tatu, umeuliza hivi: mabasi mawili yametengana kilomita 70, yanakuja kukutana, moja linatembea kilomita 80 kwa saa na lingine 60. Mwalimu kajumlisha, kapata 140, kagawa, kapata nusu saa. Jibu umelikubali, ila hiyo 140 inakusumbua kwa sababu hakuna basi linalokimbia hivyo. Umeuliza vizuri sana. Mimi mada hii niliifaulu darasani bila kujiuliza hilo, nikaja kuielewa nikiwa kwenye usukani.

140 ni kasi ya pengo kupungua. Basi la kwanza linalila pengo kwa upande wake, kilomita 80 kila saa, na la pili linalila kwa upande wake, 60. Pengo ni la 70 tu, kwa hiyo nusu saa linakwisha: moja limekwenda 40, lingine 30. Sasa kaa kiti cha mbele ndani ya lile la 80 ujihesabu umetulia. Barabara na miti vinakujia kwa 80, na basi la mbele linakujia kwa 140. Kwa macho yako wewe, 140 ipo kweli.

Umewahi kuiona hata kama hukuipigia hesabu. Ukikaa dirishani, basi lenu likiwa 80, mkipishana na basi lingine la 80, lile linapita vuu, hata rangi huijui. Basi la mita 12 linamaliza dirisha lako kwa robo ya sekunde. Lakini mkiipita semi ya 60 inayoelekea mnakoelekea, unasoma maandishi yote ubavuni mpaka unamwona dereva. Semi ile unaiona inarudi nyuma taratibu kwa 20 tu.

Sasa nikueleze kilichonifundisha. Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha nilikuwa na gari dogo, kati ya Kibaigwa na Mbande, nyuma ya semi iliyokuwa inatembea 60. Mimi 80. Mbele kabisa niliona basi, dogo kama kiberiti. Nikaona lipo mbali, nikatoka kuovateki. Nilipofika usawa wa kichwa cha semi, kile kiberiti kilikuwa ukuta, taa za full usoni. Dereva wa semi ndiye aliyetuokoa: alikanyaga breki, nikaingia mbele yake, basi likapita na upepo wake ukaliyumbisha gari. Mama niliyekuwa nimempakia kiti cha mbele hakusema neno mpaka Dodoma.

Usiku ule nilichukua kalamu. Kuipita semi ya mita 18, ukiweka urefu wa gari langu mita 5 na nafasi ya mita 20 nyuma na 20 mbele, ni mita 63. Nazipata kwa tofauti ya mwendo wetu, 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kila sekunde. Ni sekunde 11 na kidogo. Lakini sekunde hizohizo 11, pengo langu na lile basi, tukichukulia nalo lilikuwa 80, linaliwa kwa 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Nusu kilomita nzima! Nilikuwa napata kwa kutoa na kupoteza kwa kujumlisha, kwa wakati mmoja.

Na jicho halikusaidii. Basi likiwa mita 400 mpaka lifike 200, zinapita sekunde 4 na nusu, nalo linaonekana limekuwa mara mbili. Toka 200 hadi 100, mara mbili tena, sekunde 2 na robo tu. Ndiyo maana unaliona kama limesimama, halafu ghafla limejaa kioo chote.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema magari mawili ya 80 yakigongana uso kwa uso ni sawa na kugonga ukuta kwa 160. Hapana. Yakiwa na uzito sawa, kila moja linasimama palepale, na kwa waliomo ni kama kila gari limegonga ukuta kwa 80. Uzito ukitofautiana ndipo mambo yanabadilika. Gari la tani 1.5 likikwama kwenye uso wa semi ya tani 40, zote zikiwa 80, gari dogo linasukumwa kinyumenyume: mwendo wake unabadilika kwa karibu 154, wa semi kwa karibu 6.

Kwa mtihani, usikariri "kukutana jumlisha, kufuatana toa". Kanuni ni moja, kutoa. Chagua uelekeo mmoja uuite chanya, anayekuja kinyume mpe alama ya hasi. 80 toa hasi 60 ni 140. 80 toa 60 ni 20.

Lile swali lako la pili, mabasi yote mawili yanaelekea Dodoma, la mbele 60, la nyuma 80, pengo kilomita 10: 10 gawanya kwa 20, nusu saa. La nyuma litakuwa limekwenda 40, la mbele 30, kama yale ya mwanzo.